Komeo la Buddhagaya

Alfajiri ile mbwa aliingia chumbani kwetu akala biskuti za dada Gunawathie, na siku ikavurugika kabla haijaanza.

Niliamshwa na yowe. Dada Gunawathie alikuwa amesimama juu ya kitanda, blanketi kalikumbatia kifuani, anamrushia mbwa kandambili. Mbwa wala hana habari naye. Alimaliza biskuti za kwenye pakiti, akalamba makombo sakafuni, kisha akatoka taratibu kama mwenye nyumba. Mlango ulikuwa wazi, baridi ya Januari inaingia itakavyo, na mama yangu amekaa ukingoni mwa kitanda chake anachana nywele.

"Nani kafungua komeo?" dada Gunawathie aliuliza. "Nimelifunga mwenyewe jana, kwa mkono huu!"

"Mimi," mama alijibu.

"Jamani, Mama Heenmenike! Tuko nchi ya watu. Leo kaingia mbwa, kesho ataingia mwizi, keshokutwa utatuletea ng'ombe."

"Ng'ombe hali biskuti," mama alisema, akaendelea na nywele zake.

Dada Gunawathie, hujaji mwenzetu, ana duka la vitambaa Matale mjini, kwetu kisiwani, na sijamwona mteja aliyemshinda kwa maneno, lakini hapo aliishiwa. Akanigeukia mimi. "Sumana, zungumza na mama yako."

Ningezungumza nini? Tangu tuingie India, kila nyumba ya wageni tuliyolala, mama alikuwa akingoja wenzake wasinzie, kisha ananyata kwenda kufungua komeo. Nyumbani kwetu komeo lenyewe limeshika kutu. Lilifungwa mara ya mwisho kabla ya siku ile, mwaka wa magari yasiyo na namba, yale yaliyobeba vijana wasirudi, walipokuja watu wakamchukua mdogo wangu Tilakasiri. Walisema wana maswali mawili matatu tu. Aliondoka miguu mitupu, na alipofika uani akageuka akasema, "Mama, usikomee, narudi sasa hivi." Zaidi ya miaka kumi ilikuwa imepita, na mama alikuwa hajakomea mlango wowote.

Mimi sikwenda Buddhagaya kutembea. Nilikwenda kwa sababu ya ndoto. Nilikuwa namwota Tilakasiri amesimama kisimani kwetu, ndoo mkononi, kamba haifiki majini. Ananiambia, "Dada, nina kiu." Kwetu mtu akifa hulishwa. Watawa hupewa chakula siku ya saba, tena baada ya miezi mitatu, tena kila mwaka, kisha jamaa hushika birika pamoja na kumwaga maji kikombeni mpaka yafurike, ili thawabu ya sadaka ile imfikie marehemu. Baba yetu alipokufa alipata zake zote. Tilakasiri hakupata hata moja, maana mama alikataa katakata. "Sadaka ya maiti kwa mtu aliye hai? Mnamtakia nini mwanangu?" Na marehemu asiyepewa kitu hutangatanga na njaa na kiu, anawachungulia jamaa zake wakila.

Hilo ndilo lililokuwa likinitafuna. Niliwahi kumwaga maji peke yangu, kwa siri, hekalu la kijiji cha pili. Wiki ile ile nikamwota tena, na kamba ya ndoo ilikuwa fupi zaidi. Nikaona basi, mkono wangu hautoshi, anayemngoja ni mama. Nilikuwa situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea. Posta ninakofanya kazi wanasema napiga mihuri kama nagombana na barua. Bwana Wimaladasa alipotangaza safari ya kwenda kuhiji, nilimwandikisha mama kabla hata sijamwambia. Nilijiambia kwamba pale Bwana Budha alipofikia nuru, mbele ya Mti wenyewe aliokaa chini yake, moyo wa mama utalainika.

Bwana Wimaladasa ndiye kiongozi wetu, mkuu wa stesheni mstaafu. Alipoacha kazi aliondoka na saa yake ya mfukoni na filimbi, na sisi mahujaji alituongoza kama mabehewa. Asubuhi hiyo alitupanga uani, sote tumevaa nyeupe, masweta juu, wengine na kofia za sufu za kuchekesha, akapuliza filimbi mpaka kunguru wakaruka.

"Watu wa Matale! Leo sadaka ya chakula ni hapahapa. Mpishi ameshabandika. Asubuhi tunakwenda Mtini, kila mtu asali, arudi mapema. Jua likishavuka utosini mtawa hagusi hata punje ya wali, hilo mnalijua tangu utotoni. Atakayechelewa, nisimsikie analia." Akashusha filimbi, na sauti akaishusha pia. "Sasa, wenye marehemu wa kumwagiwa maji, semeni, nikaazime mabirika."

Mmoja akamtaja baba yake. Mwingine mke wake. "Mama mkwe wangu," alisema dada Gunawathie, "ingawa sina hakika kama anastahili." Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akafuta macho.

Nilimtazama mama. Alikuwa ameinamia mfuko wake wa kitambaa. Nikasema moyoni, liwalo na liwe.

"Tilakasiri," nilisema kwa sauti. "Mdogo wangu."

Watu wa Matale wote wanajua habari zetu. Bwana Wimaladasa alinitazama mimi, akamtazama mama, akaitikia kwa kichwa tu. Mama hakuinua uso. Alifunga fundo la mfuko, akalifungua, akalifunga tena. Nilijua nimemchoma mbele za watu, na roho iliniuma, lakini sikulirudisha jina.

Vituko vilianzia kwenye viatu. Pale langoni mwa hekalu, mahali pa kuacha kandambili, mama aliziweka zake, akazitoa, akazihamishia pembeni, akasema pale zitaibiwa, akazirudisha. Wenzetu wakapita. Kisha maua. Mama yangu hajawahi kubishania bei ya kitu maishani mwake, hata kwa dada Gunawathie hulipa anachotajiwa, lakini asubuhi hiyo alimshika muuza yungiyungi wa Kihindi, hawaelewani hata neno, wakabishana kwa vidole mpaka yule bwana akamsukumia maua na kumwomba kwa mikono miwili aondoke.

"Mama, twende basi."

"Haraka ya nini? Budha anakwenda wapi?"

Tukaanza kulizunguka hekalu. Alisimama kila penye sanamu, akasimama kila penye taa, akainama, akaomba, akakumbuka kuwa hakuomba vizuri, akarudi nyuma. Watibeti waliokuwa wakijilaza kifudifudi na kuinuka, hatua kwa hatua, walitupita. Huyu ndiye mama ambaye mwaka jana tu alipanda mlima Sri Pada akiwaacha vijana wanahema njiani. Nikajidanganya kuwa ni baridi imemshika magoti. Nilikuwa natangulia hatua tano, namngoja, narudi, natangulia tena, huku naliangalia jua kila wakati, na jua halikuwa na subira kunishinda mimi.

Mwisho tukafika Mtini. Kundi la Wathai lilikuwa linaimba sala kwa kipaza sauti, kundi la Waburma limekaa kimya nyuma yao, na wenzetu wa Matale wameshamaliza sala, wanajikusanya kuondoka. Mama akatafuta mahali karibu na uzio, akatandika kitambaa chake, akakaa, akakunja miguu sawasawa.

"Nangoja jani," alisema.

Jani la Mti ule halichumwi. Linalopelekwa nyumbani ni lile lililoanguka lenyewe, na hakuna hujaji asiyelitamani. Lakini Januari majani hayaanguki hovyo. Mtu anaweza kukaa hapo mchana kutwa ameinua shingo.

"Mama, jani tutanunua nje. Yapo yamekaushwa, yametiwa rangi ya dhahabu."

"La kununua silitaki."

Filimbi ikalia langoni. "Behewa la mwisho!" sauti ya Bwana Wimaladasa ilisikika. Dada Gunawathie alikuja mbio, amejifunga shali kichwani.

"Nyie! Watu wanaondoka. Watawa wameshaalikwa."

"Mama anangoja jani."

Dada Gunawathie aliinua macho juu ya Mti, akayashusha kwa mama, akaelewa jambo ambalo mimi nilikuwa bado silielewi. Nililiona usoni mwake. Alinigusa bega tu, akasema, "Usimsukume sana, mdogo wangu," akaondoka.

Tukabaki. Mimi nilikuwa kama nimekalia siafu. Upepo ukapita juu, kitu kikajitenga, kikaja kinaelea kinazunguka, na Wathai watatu wakaacha sala wakakirukia. Hakikuwafikia. Kilimwangukia mama mmoja wa Kiburma magotini. Yule mama alilishika jani kwa mikono miwili, akaliweka kwenye paji la uso, kisha akatazama huku na huku, akamwona mama yangu mzee ameinua shingo. Akaja kwa magoti, akampa. Jani lilikuwa zima, la kijani, ncha yake ndefu haijavunjika hata kidogo. Ningekuwa mimi ningelia.

Mama akalisukuma. "La, la. Lako hilo." Yule mama akasisitiza kwa tabasamu. Mama akakataa tena, akamfunga vidole juu ya jani, akamrudisha.

Hapo ndipo akili iliponijia.

"Mama," nilisema kwa sauti ya chini, maana watu wanasali. "Unanipiga chenga tangu asubuhi."

"Nangoja jani."

"Umepewa jani."

"Lile la mwenyewe."

"Wewe hungoji jani. Unangoja jua lipinde."

"Kama unajua, mbona unauliza?"

Hasira ilinipanda mpaka nikaona macho yanawaka. Nikamwambia ndoto yote, ambayo kwa miaka nilikuwa nimemficha. Kisima, ndoo, kamba isiyofika, na kiu. Alisikiliza akitazama mikono yake.

"Alivaa nini?" aliuliza.

"Nini?"

"Tilake. Huko kwenye ndoto. Alivaa nini?"

"Shati lake la buluu."

"Na miguuni?"

"Sikuangalia miguuni, mama!"

"Hukuangalia." Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Unamwota miaka yote hiyo na huangalii miguu. Aliondoka hana viatu. Ungeniambia kama kuna mtu amempa viatu, ningejua yuko kwa watu."

"Mama, Tilake amekufa."

Sikuwa nimewahi kulisema. Si mbele yake, si mbele ya kioo. Wathai walikuwa wanaimba, na mimi nimelisema mbele ya Mti, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani.

"Umemzika wapi?" mama aliuliza.

Aliniuliza kweli, alitaka nimwonyeshe mahali, na kama ningemwonyesha angeinuka akaenda. Nilikaa chini kwenye jiwe la baridi kando yake. Kisha nikasema lile lililokuwa kooni mwangu siku zote, na nililisema kwa ukatili, sikulipaka asali.

"Haya, mimi sijui alipo. Na wewe hujui. Lakini kama amekufa, mama, amekaa na njaa miaka yote hii, anatuchungulia mlangoni. Jirani akija kwetu saa ya kula unampakulia. Mpita njia unampakulia. Mwanao peke yake ndiye hujampa hata tonge."

Mikono ya mama, ambayo tangu asubuhi ilikuwa ikifunga na kufungua mafundo, ilitulia juu ya mapaja. Alikaa hivyo hivyo. Kivuli cha uzio kilizidi kufupika, nami nilikitazama kikifupika. Ningeweza kuondoka peke yangu. Lakini peke yangu nilikwishajaribu, na sikuwa na safari nyingine ya Buddhagaya maishani.

"Unahema kama ng'ombe," mama alisema baadaye. "Mtu hawezi hata kusali." Akashika bega langu, akainuka, akakunja kitambaa chake. "Twende."

Sikuthubutu kuuliza twende wapi.

Tulipata baiskeli ya abiria, ile ya magurudumu matatu, na mwendeshaji wake alikuwa mzee kama mama. Nilimwonyesha jua, nikamwonyesha barabara, nikampigia makofi, naye akakanyaga kwa nguvu zake zote, ambazo hazikuwa nyingi. Karibu na daraja tukasimama. Mazishi yalikuwa yanapita kwenda mtoni, wanaume wamebeba maiti mabegani juu ya machela ya mianzi, amefunikwa kitambaa cha rangi ya chungwa na maua, wanaitikizana jina la Mungu wao. Niliuma kucha. Nilikuwa nataka kushuka niwasukume. Mama alitoa kichwa nje, akawatazama mpaka wa mwisho alipopita.

"Hawa wana bahati," alisema. "Wana cha kubeba."

Mwendeshaji akakanyaga tena mpaka nyumba ya wageni.

Bwana Wimaladasa alikuwa amesimama langoni na saa yake mkononi, uso umemwiva. "Mama Heenmenike! Sumana! Ndiyo nini sasa? Watawa wamekaa, chakula kinapoa, na mimi namdanganya mtawa mkuu kuwa wali haujaiva!"

"Tusamehe, bwana."

"Ingieni, ingieni! Nawaweni mikono!"

Ukumbini watawa walikuwa wameketi kwenye mstari ukutani, bakuli mbele yao, na mzee wao, mzaliwa wa Kandy, mji wa kwetu, aliyeishi Buddhagaya miaka mingi, alitutazama tukiingia akahema kwa raha. Walikwisha kutoa amri tano za Budha, kilichobaki kilikuwa kupakua. Kila mmoja alishika sahani. Mama akapewa sufuria ya mchuzi wa fenesi changa na wali, akaanza na mtawa mzee.

Akampakulia upawa mmoja wa wali. Akaongeza wa pili. Akaongeza fenesi, akaongeza wali tena. Mtawa, kwa desturi yao, akafunika bakuli kwa mkono kuonyesha kuwa yatosha. Mama akangoja mkono uondoke, akaongeza. Mtawa akafunika tena. Watu nyuma yetu wakaanza kuguna.

"Mama, inatosha," nilimnong'oneza.

"Haitoshi."

"Mama, mheshimiwa hawezi kumaliza chote hicho."

"Umesema mwenyewe ana njaa ya miaka," alisema bila kunitazama. "Basi kidogo kitamfaa nini?"

Mtawa mzee alimsikia. Aliuondoa mkono wake juu ya bakuli, akaliacha wazi, na mama akapakua mpaka wali ukasimama mlima. Yule mzee akala polepole, na alikula kwa bidii. Alitoa tonge la mwisho bakulini jua likiwa bado juu ya utosi, na Bwana Wimaladasa akafunga saa yake kwa mlio.

Kisha mabirika yakaletwa. La kwetu lilikuwa la shaba, na kikombe kimewekwa ndani ya sinia. Mama akalishika mpini, mimi nikaweka mkono juu ya mkono wake, na nyuma yangu nikahisi mkono wa dada Gunawathie umenishika bega, ingawa alikuwa na birika lake la mama mkwe la kushughulikia. Watawa wakaanza kuimba maneno ya kuwapa wafu thawabu. Maji yakaanza kutiririka.

Ya wenzetu yalifurika, nikayasikia yakianguka kwenye masinia huku na huku. Ya kwetu yalipanda kikombeni, yakafika ukingoni, yakasimama. Mama alikuwa amelizuia birika. Mkono wake chini ya wangu ulikuwa mgumu kama kuni. Niliusukuma kidogo. Haukusogea. Maji yalikuwa yamejaa mpaka yametuna juu ya ukingo wa kikombe, tone moja tu lilihitajika, na watawa wanakaribia mwisho wa wimbo. Nikaacha kusukuma. Sijui kwa nini. Nguvu zote nilizokuja nazo kutoka Matale ziliniishia hapo hapo, nikaona kwamba siwezi kumfanyia hili kwa nguvu.

Mtawa mzee naye alirefusha wimbo. Alirudia maneno ya mwisho, akayarudia tena, bila kutazama upande wetu.

Mama akaniambia, taratibu, kama mtu anayeagiza kitu dukani, "Kama amekufa, anywe. Kama yu hai, akirudi nitamwomba radhi mwenyewe."

Akalipindua birika lote. Maji yalifurika kikombe, yakajaza sinia, yakamwagika kwenye mkeka, yakatulowesha magoti mimi na yeye, na yeye bado amelishikilia kichwa chini mpaka lilipoacha hata kudondosha. Nililia kwa sauti mbele ya watu wote. Mama hakulia. Alikunguta birika kama anavyolikunguta jikoni kwetu, akamrudishia Bwana Wimaladasa, akasema, "Asante kwa kutungojea."

Baada ya sisi wenyewe kula, tulipanda vyumbani kupumzika. Basi la kwenda Rajgir, kituo kingine cha hija, lilikuwa la alasiri. Dada Gunawathie alijitupa kitandani kwake na viatu vyake vya sufu. Mimi nikajilaza. Mama aliingia wa mwisho. Alisimama mlangoni kidogo, amegeukia nje, anatazama ukumbi na ngazi na ua. Kisha akausukuma mlango, akafunga komeo.

Dada Gunawathie alifungua mdomo. Nilimtolea macho. Akaufunga, akageukia upande wa pili, na haikuchukua muda akaanza kukoroma.

Mama alilala chali kwanza, halafu akageukia ukutani. Alijikunja akawa mdogo. Nilimtazama mgongo. Nilikuwa nimepata nilichokifuata: maji yamemwagwa, mkono wa mama ulikuwa kwenye birika, na mdogo wangu, kama alikuwa na kiu, sasa kanywa. Nilijiambia nilale. Nilifumba macho nikalisikia bomba la uani linachuruzika, mtu anaburuta ndoo, mtoto wa mpishi anaitwa. Kisha nikasikia nyayo ukumbini. Mtu alikuwa anatembea miguu mitupu, taratibu, kama asiyeijua nyumba. Zilikaribia mlangoni kwetu, zikasita. Zikaendelea zake. Bila shaka alikuwa mfagiaji.

Nikageuka upande huu, nikageukia upande ule. Nililitazama lile komeo. Lilikuwa kipande cha chuma tu, kimepakwa rangi ya kijani pamoja na mlango, lakini sikuweza kuliondolea macho. Tangu Tilake aondoke sikuwahi kulala mchana wala usiku na mama nyuma ya mlango uliokomewa, na sasa hewa ilikuwa haitoshi chumbani. Nilijaribu kulala kwa nguvu. Mwisho nikaona haiwezekani, haiwezekani kabisa. Nikaondoa blanketi, nikanyata kwenye sakafu ya baridi hadi mlangoni, nikalishika komeo.

"Sumana," mama alisema, uso bado umeelekea ukutani.

Nilisimama na mkono juu ya chuma.

"Linyanyue kwanza, ndipo ulivute. Ukilivuta hivyo hivyo linapiga kelele, litamwamsha Gunawathie."

Nikalinyanyua, nikalivuta.